Trace ya Son Volt, ugomvi ukishapoa

Septemba 1995, ndani ya mwezi mmoja, Warner Bros. walitoa Trace, albamu ya kwanza ya bendi changa iitwayo Son Volt, na kule Seattle Grant Alden na Peter Blackstock wakatoa toleo la kwanza la No Depression, jarida ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kijiwe cha mashabiki wa kauntri mbadala. Waliowekwa kwenye jalada la toleo hilo ni hao hao Son Volt. Kwa hiyo albamu ilizaliwa na kazi mkononi. Ilitakiwa ithibitishe kwamba muziki huu upo, kwamba una mwenyewe, na kwamba mwenyewe ni Jay Farrar, mwimbaji na mtunzi wa bendi hiyo.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi kusini mwa Illinois, na kwa wenzangu waliopenda magitaa Trace haikuwa na mpinzani. Iliendeshewa magari usiku, ilipigwa kwenye karamu ambazo haikuzifaa hata kidogo, iliazimwa isirudishwe. Baadaye ikakaa kabatini miaka mingi. Nimeirudia sasa bila haraka, nikiwa pembeni na A.M., albamu ya kwanza ya Wilco, bendi ya aliyekuwa mwenzake Farrar, pamoja na albamu ya pili ya Son Volt, na toleo la Trace lililotolewa upya na kampuni ya Rhino 2015 likiwa na rekodi za majaribio. Ninachotaka kujua ni kimoja: ukiitoa Trace kwenye kesi ambayo ililetwa kama kielelezo, inabaki na nini?

Kesi yenyewe

Jay Farrar na Jeff Tweedy wanatoka Belleville, mji wa Illinois ulio ng'ambo ya Mto Mississippi ukitokea St. Louis. Wanajuana tangu sekondari. Mwaka 1987, wakiwa na mpiga drams Mike Heidorn, walianzisha Uncle Tupelo, bendi iliyopiga panki na kauntri ya kale kwenye jukwaa moja bila kuona haya. Albamu yao ya kwanza, ya 1990, ilichukua jina la wimbo wa dini ambao familia ya Carter iliurekodi 1936, na jina hilo ndilo lile jarida la Seattle lililolirithi. Zikafuata albamu tatu. Ya mwisho, Anodyne, ilitoka 1993 chini ya kampuni kubwa, na watu wakaanza kusema sasa hawa vijana ndio wanatoka.

Januari 1994 Farrar akamwambia meneja wao kwamba anaacha bendi. Tweedy hakuambiwa na rafiki yake; alizipata habari kwa meneja. Walimalizia maonyesho yaliyokuwa yamepangwa huku wakikwepana, na la mwisho likafanyika Mei 1, 1994, katika ukumbi wa Mississippi Nights, St. Louis. Waliobaki wakaendelea na Tweedy, wakajiita Wilco. Farrar akamrudisha Heidorn, ambaye alikuwa ameondoka 1992 kwa ajili ya familia, kisha akawapata ndugu wawili wa Minneapolis: Jim Boquist, mpiga besi mwenye sauti ya juu ya kuitikia, na Dave Boquist, anayeshika gitaa, fidla, banjo, chochote utakachompa.

Hapo mashabiki wakagawana. Aliyekulia Dar es Salaam akisikia watu wakibishana Sikinde na Msondo hahitaji kuelezwa zaidi; ushabiki ukishaingia, nyimbo zinahesabiwa kama mabao. Wilco walitangulia na A.M., Machi 1995, Trace ikafuata. Mtayarishaji wa zote mbili ni mmoja, Brian Paulson, yule yule aliyeshughulikia Anodyne, kwa hiyo hata kisingizio cha mtayarishaji hakikuwepo. A.M. haikugusa chati ya Billboard ya albamu 200. Trace iliingia na kufika nafasi ya 166, jambo ambalo mtu hawezi kulitambia sana, ila wimbo wake "Drown" ulipigwa vya kutosha kwenye redio za roki. Hukumu ikatoka upesi: Farrar ndiye aliyekuwa roho ya Uncle Tupelo, Tweedy alidandia tu.

Kesi ikakatiwa rufaa. Being There ya Wilco ilitoka 1996, CD mbili nzima. Yankee Hotel Foxtrot ya 2002 ilianzia nafasi ya 13 kwenye chati ile ile, na A Ghost Is Born ya 2004 ikachukua Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala. Sasa ikawa Farrar ndiye aliyeachwa kituoni, na Trace ikasomwa kama ushahidi wa mtu aliyejifungia kwenye muziki wa babu zake.

Hukumu hizi mbili zinapingana, lakini zimesimama juu ya dai lile lile, kwamba Trace ni albamu ya usafi, kazi ya mlinzi wa muziki wa asili. Upande mmoja ulimsifia ulinzi huo, upande wa pili ukamcheka. Mimi naona dai lenyewe ndilo bovu, na anayelikanusha wa kwanza ni wimbo namba moja.

Redio ya usiku

"Windfall" inaanza na gitaa kavu na sauti ya Farrar, ambaye alikuwa na umri wa miaka 28 lakini sauti yake ni ya mtu aliyekwisha kuzika wengi. Fidla ya Dave Boquist inaingia, na nyuma yake pedali stili ya Eric Heywood, mwanamuziki mwalikwa. Hilo ni gitaa lililolazwa kwenye miguu yake mfano wa meza. Mpigaji anatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku nyayo na magoti yakiipandisha na kuishusha sauti. Maneno ni ya dereva. Miguu chini, mikono kwenye usukani, na upepo uchukue shida zako. Kisha unakuja ubeti ambao kila shabiki aliujua kwa moyo: dereva anahamia AM, yaani masafa ya kati ya redio, kutafuta sauti iliyo ya kweli zaidi, herufi za kituo zimemtoka, lakini amekipata, kituo cha usiku kucha mahali fulani Louisiana. Kinasikika kama mwaka 1963, na kwa sasa kinasikika kama peponi.

Hiyo "sauti ya kweli zaidi" ndiyo iliyogeuzwa katiba. Watu waliichukua kama tangazo la vita dhidi ya kauntri ya Nashville ya miaka ya tisini, ile ya Garth Brooks na viwanja vilivyofurika, na wengine wakaielekeza kwa Tweedy. Basi tuuchukue mstari huo kwa uzito wake. Mwaka 1963 redio za kauntri zilikuwa zinapiga nini?

Zilikuwa zinapiga, kwa sehemu kubwa, Nashville iliyopigwa pasi. Watayarishaji kama Chet Atkins walikuwa wamezisukuma kando fidla za mashambani na banjo, wakaleta violini za okestra na waitikiaji wa mtindo wa kwaya. Patsy Cline, aliyekufa kwa ajali ya ndege Machi mwaka huo, aliimba mbele ya mapambo hayo hayo. Johnny Cash akatoa "Ring of Fire", yenye tarumbeta za Kimeksiko. Na Jim Reeves alikuwa bado yuko kileleni, mwaka mmoja kabla ya ndege kumwangusha naye. Jim Reeves hatuhitaji kutambulishwa kwake sisi. Ziko nyumba Kenya na Tanzania ambako Jumapili haijaiva mpaka asikike. Ni nani atakayesema rekodi zile ni muziki mbichi wa shambani? Sauti ya hariri, vinanda laini, hakuna kinachokwaruza. Ni kweli kwamba kule Bakersfield, California, Buck Owens alikuwa na kauntri yenye makali, na "Love's Gonna Live Here" yake ilikaa namba moja wiki 16 kuanzia Oktoba 1963. Lakini mtu anayefungua redio mwaka huo alipata vyote kwa mkupuo, kibichi na kilichopikwa, gitaa na okestra.

Kwa hiyo kama Farrar alikuwa anatangaza usafi, alichagua mwaka wa ajabu kweli. Sidhani alikuwa anatangaza chochote. Anaeleza jambo analolijua yeyote aliyewahi kutafuta stesheni kwenye masafa ya kati usiku. Mchana mawimbi hayo yanatambaa ardhini na kuishia karibu. Jua likizama, yanagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilomita mbali, na stesheni za nchi nyingine zinaanza kujitokeza kwenye redio yako, zinakuja na kupotea. WWL ya New Orleans, 870 AM, wati 50,000, ilikuwa inasikika usiku katika sehemu kubwa ya Marekani, na tangu 1971 ilikuwa na kipindi cha kauntri cha usiku kwa madereva wa malori, The Road Gang. Sidai kwamba ndicho kituo cha kwenye wimbo, maana dereva mwenyewe jina limemtoka. Ila ulimwengu ni ule. Mtu amechoka, bado ana majimbo mawili ya kukatiza, na mahali fulani gizani kuna mwingine yuko macho anapiga santuri. Anachokiita kweli ni kuliwazwa. Halafu angalia alivyoweka "kwa sasa" mbele kabisa ya pepo yake. Mlinzi wa asili hasemi kwa sasa.

Nikiisikiliza hivi, "Windfall" imepanda bei kuliko ilivyokuwa 1995. Wakati ule tuliimba kiitikio tukiwa tumeinua chupa. Sasa nasikia jinsi Jim Boquist anavyoingia juu ya Farrar kwenye kiitikio, sauti nyembamba inayomfungua yule mwenye sauti nzito, na ninaona kwamba bila yeye wimbo ungekuwa nasaha ya mzee mmoja tu.

Ramani

Jambo lililofunikwa na mabishano yote ni kwamba Trace ina jiografia. Baada ya Uncle Tupelo Farrar alihamia New Orleans. Heidorn alikuwa upande wa St. Louis, akina Boquist Minneapolis, na kurekodi kulifanyika studio ya Salmagundi, mjini Northfield, kusini ya Minneapolis. Unganisha sehemu hizo kwa kalamu utapata Mto Mississippi karibu mzima, kuanzia jimbo la chimbuko lake hadi unapokaribia bahari. Farrar aliupanda na kuushuka kwa gari, na nyimbo zikatoka huko barabarani.

Na mto wenyewe ulikuwa umetoka kufanya maafa. Katika majira ya joto ya 1993 mvua zilinyesha Magharibi ya Kati ya Marekani hadi watu wakasahau kuhesabu. Agosti 1 kipimo cha maji St. Louis kilisoma futi 49.58, mahali ambapo futi 30 tu huitwa mafuriko. Watu wapatao 50 walikufa na hasara ikakadiriwa kufika dola bilioni 15. Mtu aliyetunga nyimbo kando ya mto ule mwaka uliofuata alikuwa anapita kwenye mashamba yenye matope yaliyokauka na nyumba zenye alama ya maji ukutani.

Ndipo "Tear Stained Eye" inaposhika. Wengi tuliuchukua kama wimbo wa mapenzi yaliyovunjika, na ndivyo ulivyo. Lakini katikati yake kuna Ste. Genevieve, mji wa Missouri ulio kama kilomita 100 kusini mwa St. Louis, ulioanzishwa na Wafaransa waliotoka Kanada katika karne ya 18. Mji huo una nyumba zilizojengwa kwa magogo yaliyosimikwa wima ardhini, ujenzi ambao Marekani nzima umebakiza mifano michache mno. Mwaka 1993 watu walijaza magunia ya mchanga wiki baada ya wiki kuyazuia maji, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikaokoka. Niliwahi kuuendea kutoka upande wa Illinois, kwa kivuko cha Modoc, pantoni ndogo ya magari machache. Ukiwa katikati ya maji yale ya rangi ya chai ya maziwa, magogo mazima yanakupita yakienda kusini, huwezi tena kuuchukulia mto kama mapambo ya wimbo.

Mtakatifu Genevieve mwenyewe ni msimamizi wa Paris. Mapokeo yanasema mwaka 451 aliwataka watu wakeshe wakisali, na majeshi ya Attila yakapita kando. Farrar amevichukua vyote hivyo, mtakatifu, mji na magunia, akavitia kwenye nusu ya mstari: Genevieve anaweza kuyazuia maji, ila jicho lenye machozi si kazi ya watakatifu. Kazi ya namna hii inahitaji mtu aliyesimama mahali. Usafi wa kimuziki hauna mchango wowote hapo. Banjo inapita chini kwa utaratibu, drams za Heidorn hazina haraka, na mstari unakuja na kuondoka bila mwimbaji kuusisitiza, utadhani anataja tu jina la kituo cha basi.

Wimbo ulionishangaza zaidi safari hii ni "Ten Second News". Zamani nilikuwa nauruka. Ni wa polepole, mzito, gitaa linaning'inia, na hauna kiitikio cha kushika. Ndani yake mtu anaendesha kwenye barabara kuu namba 44, jua linawaka, na hapo njiani kuna ufukwe unaojulikana kwa saratani inayosubiri zamu yake. Ufukwe huo upo. Au tuseme ulikuwepo: Times Beach, Missouri, kando ya Mto Meramec, kusini-magharibi mwa St. Louis. Ulianzishwa 1925 na gazeti la St. Louis lililotaka kuongeza wasomaji. Ukilipa dola 67.50 ulipata kiwanja na gazeti la miezi sita. Ukawa mji wa watu wa kipato cha kawaida wenye barabara za vumbi. Kati ya 1972 na 1976 mkandarasi alilipwa anyunyize mafuta machafu kutuliza vumbi, na mafuta hayo yalikuwa yamechanganywa na taka za kiwanda cha kemikali zenye dayoksini, sumu ya kuleta saratani. Desemba 1982 vipimo vya serikali vilikuwa vimeshachukuliwa, mto ukafurika siku hizo hizo, na kabla ya Krismasi watu waliambiwa waliotoka wasirudi. Februari 1983 serikali kuu ikatangaza kuununua mji mzima. Walikuwa watu wapatao 2,000. Mji ukafutwa.

Trace ilipotoka, sumu ilikuwa bado ipo pale. Tanuri la kuichoma liliwashwa 1996 na kuzimwa 1997, tani zaidi ya 200,000 za udongo na takataka, na 1999 eneo likafunguliwa kama hifadhi ya jimbo yenye njia za kutembelea. Kwa mkazi wa St. Louis mwaka 1995, kupita barabara 44 kulimaanisha kupita kando ya mji uliozungushiwa uzio. Wimbo hauelezi hata kimoja kati ya haya. Unakuachia barabara, jua na ufukwe, na jina lenyewe la wimbo linakuonyesha muda ambao taarifa ya habari ingelipa jambo hilo. Nadhani ndiyo maana uliwapita wengi: tuliokuwa tunatafuta sauti ya 1963 hatukuwa na sikio la 1983.

Zile za kelele

Hapa albamu imezeeka. Trace imepangwa wimbo mtulivu, wimbo wa kelele, mtulivu, kelele, mtindo uliotoka moja kwa moja Uncle Tupelo. Enzi ile ilionekana ni ndoa ya panki na kauntri. Leo "Route" na "Catching On" zinasikika kama bendi nyingine iliyopewa nusu ya CD. Gitaa ni zito la miaka ya tisini, kasi haibadiliki, na maneno yanakimbilia mambo ya jumla: njia, mwendo, mizigo, muda. Farrar hana uchokozi wa sauti unaohitajika kuubeba wimbo kama huo mahali ambapo hakuna jina wala mtu. "Live Free" inaponea kwa tundu la sindano. "Loose String" haiponei.

"Drown" ni habari nyingine. Gitaa lake la mwanzo linanasa sikio papo hapo, na Heidorn anapiga kama mtu aliyekosa drams miaka miwili, jambo ambalo halikuwa mbali na ukweli. Redio hazikukosea.

Kuhusu "Mystifies Me" inayofunga albamu, inanishangaza kwamba walinzi wa usafi hawakuwahi kuulizwa juu yake. Ni wimbo wa Ron Wood, Mwingereza wa bendi ya Faces ambaye muda mfupi baadaye aliingia Rolling Stones, kutoka albamu yake ya 1974. Yaani albamu iliyopewa cheo cha katiba ya kauntri halisi inamalizika kwa wimbo wa mapenzi wa mpiga gitaa wa roki kutoka London. Na Farrar anauimba vizuri, kwa ulegevu fulani ambao hajiruhusu kwenye nyimbo zake.

A.M. nayo niseme neno, maana ilihukumiwa kwenye shauri moja. Ni nyepesi kuliko Trace, na hilo halijabadilika, ila wepesi wake umekuwa wa kupendeza. "Passenger Side" ni ya mtu aliyekosa leseni anayeomba lifti na kulalamikia uendeshaji wa rafiki yake. Albamu mbili za marafiki waliotengana, mwaka mmoja: mmoja kashika usukani kwa mikono yote miwili, mwingine kaketi kando anasubiri siku yake ya mahakama. Kama kungekuwa na shauri la kweli kati yao, mahali pa kuanzia pangekuwa hapo, kwenye viti vya gari, na hukumu isingekuwa rahisi.

Watu wale wale, 1997

Rekodi za majaribio zilizoongezwa 2015 zinasaidia upelelezi. Nyimbo zilikuwa zimekamilika kabla bendi haijazishika. Farrar alikuja Northfield na maneno, muziki na kasi. Kilichoongezwa na akina Boquist na Heywood ni hewa: fidla inayoingia kwa kuchelewa, sauti ya pili, stili inayokaa nyuma ya mlango. Mtu anaweza kuhitimisha basi kwamba siri ni kikosi.

Kikosi hicho hicho, na Paulson huyo huyo, kilitengeneza Straightaways, iliyotoka Aprili 1997. Ni ushahidi mzuri kuliko A.M., kwa kuwa karibu kila kitu kimebaki pale pale. Fidla ipo, stili ipo, sauti ya Farrar imeiva zaidi. Na ni albamu ambayo ninaweza kuisikiliza hadi mwisho nisijue nimepita wapi. Nyimbo zinazungumzia ishara, vivuli, siku zinazopita. Mwimbaji hayuko popote. Mwaka uliofuata ikaja Wide Swing Tremolo, kisha kikosi kikalala, na Farrar alipolirudisha jina la Son Volt mwaka 2005 alikuwa na watu wengine.

Kwenye Straightaways umeponea wimbo mmoja, ule wa mwisho, "Way Down Watson". Watson ni barabara ya St. Louis, sehemu ya Route 66 ya zamani, na juu yake ilikuwepo Coral Court, moteli ya miaka ya arobaini yenye vigae vya rangi ya asali, kona za mviringo na gereji iliyoungana na kila chumba ili mgeni aingie bila gari lake kuonekana. Mji mzima ulijua gereji hizo zilikuwa za nini. Ilibomolewa 1995, mwaka wa Trace, na chumba kimoja kikahamishiwa kwenye makumbusho ya usafirishaji mjini humo. Farrar anaiimbia moteli hiyo karibu peke yake, bila kelele, na ghafla yule mtu wa "Ten Second News" amerudi. Ningeuhamisha wimbo huo, niuweke Trace mahali pa "Loose String", na hapo ningekuwa na albamu ambayo siruki kitu isipokuwa "Catching On".